Kisome Kwanza Kile Kibati



Ukimtajia Mtanzania neno gavana, atafikiria Benki Kuu. Ukimtajia Mkenya, atafikiria mmoja wa wale 47 wanaoongoza kaunti. Lakini pita mitaa ya mafundi pale Gerezani, Dar es Salaam, au simama kwenye gereji yoyote ya malori kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, na utamsikia fundi akisema, "Gavana imekufa." Usivue kofia, hakuna msiba wa taifa. Anazungumzia kifaa kinachoenea kwenye viganja viwili, kilichojificha ndani au nyuma ya pampu ya diseli. Kazi yake ni kuhakikisha injini haizunguki kupita mwendo iliopangiwa.

Leo tuzungumze juu ya kifaa hicho, na juu ya ombi ambalo wenye magari na wenye mashine huwapelekea mafundi kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia dawa ya mapenzi: "Fundi, nifungulie gavana."

Nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita, msimu wa mavuno, nilikuwa kwa shemeji yangu katika mji mdogo usio mbali na Makambako. Tulipeleka mahindi mashineni. Foleni ilikuwa ndefu: ndoo, viroba, madumu yaliyokatwa shingo, na akina mama wamekaa juu ya magunia yao wakipiga soga. Ndani, injini ya silinda mbili ilikuwa inazungusha kinu kwa mkanda mrefu. Na ilikuwa inalia. Sauti yake ilikuwa imebana, kama mtu anayezungumza huku amepandisha mabega.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia mwenye mashine.

"Marahaba mwanangu."

"Mzee, mbona mashine inalia hivi?"

Akacheka. "Inachapa kazi hiyo! Fundi kaifungua gavana juzi. Sasa hivi hata hamjamaliza kuulizana habari za nyumbani, debe limeshasagwa."

Ubavuni mwa injini palikuwa na kibati kidogo, kimefunikwa na unga uliochanganyika na grisi mpaka hakisomeki. Nilikikwangua kwa ukucha. Kilikuwa na namba ya injini, nguvu zake, na mwisho kimeandikwa 1500. Maana yake mizunguko 1500 kwa dakika. Kesho yake nilimkuta fundi mwenyewe akinywa chai, nikamuuliza ameipandisha mpaka wapi. Akaniambia, "Kama 1800 hivi." Nikamuuliza amepima kwa kifaa gani. Akagusa sikio lake.

Baada ya siku chache nikaondoka. Haukupita muda shemeji akanipigia simu. Mkanda ulikatika mashine ikiwa katikati ya kazi. Injini iliyokuwa imebeba kinu kizima ikajikuta ghafla haina mzigo wowote, ikapanda. Kijana wa mashine aliruka kuvuta kizimio, hakuwahi. Konrodi ilikatika, ikatoboa bloku, ikatokea upande wa pili. Oili ikamwagika juu ya unga wa watu. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Lakini mji ule ulikaa wiki tatu bila mashine, na akina mama wale wakawa wanapanda boda boda kwenda kusaga mji wa pili.

Sasa, msikilizaji, tujiulize. Kosa lilikuwa nini hasa? Mkanda kukatika si ajabu, mikanda hukatika. Injini zinapoteza mzigo kila siku na hazifi. Dereva wa lori akikanyaga klachi huku mguu mwingine uko kwenye mafuta, injini hupoteza mzigo, inanguruma kidogo, inatulia. Nani anayeituliza? Gavana.

Ili tuelewe, tutofautishe diseli na petroli. Injini ya petroli hupumua kupitia mlango mdogo. Ukiachia eksileta, mlango unajifunga, hewa inapungua, injini inatulia. Diseli za aina ninayoizungumzia hazina mlango huo. Zinavuta hewa yote zinayoweza kuvuta, kila mzunguko, ziwe zimebeba tani 30 au zimesimama kivulini. Hewa haiwi kizuizi. Kinachoamua nguvu ni kile kitone cha mafuta kinachopulizwa na nozeli. Ukikiacha kitone hicho kiwe kilekile, halafu ukaondoa mzigo, injini haina sababu ya kusimama mahali. Itapanda, na itaendelea kupanda mpaka kitu kikatike. Ndiyo maana diseli ya namna hii bila gavana haifai hata kuwashwa.

Na gavana yenyewe inajuaje kwamba injini imepita mwendo? Hapa nakukumbusha kombeo. Kama uliwahi kuwinga ndege shambani, unajua: ukizungusha kombeo polepole, jiwe linavuta mkono kidogo. Ukizungusha kwa kasi, linavuta kama linataka kukutoka. Ndani ya gavana kuna vyuma vizito viwili vinavyozunguka pamoja na pampu. Vinapozunguka vinataka kukimbilia nje, kama jiwe la kombeo. Kinachovizuia ni springi. Mwendo ukipita kiasi, vyuma vinaishinda springi, vinafunguka, na kule kufunguka kwake kunasukuma wenzo unaopunguza mafuta. Mwendo ukishuka, springi inashinda, mafuta yanaongezeka. Ni mvutano wa watu wawili wenye kamba, siku nzima, na mwamuzi hakuna.

Wazo hili ni la zamani, na asili yake itamfurahisha yule mzee wa mashine. Lilianzia kwenye vinu vya upepo vya Ulaya, vilivyokuwa vikisaga nafaka. Huko lilitumika kurekebisha nafasi kati ya mawe ya kusagia upepo unapoongezeka au kupungua. Mwaka 1788, mhandisi James Watt, akiwa na mshirika wake Matthew Boulton huko Birmingham, akalihamishia kwenye injini ya mvuke. Miaka 80 baadaye, 1868, mwanafizikia James Clerk Maxwell akaandika makala ya hesabu kueleza kwa nini gavana nyingine huituliza injini na nyingine huifanya ipande na kushuka bila kukoma. Fundi wetu anaposema "sailensa inacheza," yaani mwendo wa injini isiyokanyagwa mafuta unapanda na kushuka wenyewe, anazungumzia tatizo lilelile lililomkalisha Maxwell na kalamu.

Diseli nayo ilikuja na haja yake. Injini ya Rudolf Diesel iliyofaulu majaribio huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, ilikuwa kubwa, nzito, na ya polepole: haikufika hata mizunguko 200 kwa dakika. Mafuta yalipulizwa kwa hewa iliyoshindiliwa na kompresa yake. Mashine ya namna hiyo huwezi kuifunga kwenye gari dogo. Ilibidi ipatikane pampu ndogo, sahihi, inayoweza kupima kitone kwa kasi. Kampuni ya Robert Bosch ya Stuttgart ikaanza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927. Kufika 1936, Mercedes-Benz 260 D ilikuwa barabarani, gari dogo la diseli linalozunguka 3000 kwa dakika. Tangu hapo pampu na gavana vimekuwa mke na mume, nyumba moja.

Basi turudi kwenye kufungua gavana. Mafundi wetu wanaifunguaje? Wengine wanakaza au kulegeza skrubu ya nje inayoweka kikomo. Wengine wanafungua pampu na kuweka washa nyuma ya springi ili ibane zaidi. Wengine wanatoa springi nzima na kuweka ngumu. Kwa maneno mengine, wanamsaidia mvutaji mmoja wa kamba. Vyuma vizito sasa vitahitaji mwendo mkubwa zaidi ili vishinde.

Hapa kuna hesabu ndogo, nivumilie. Nguvu ya jiwe la kombeo haiongezeki sawa na mwendo. Inaongezeka kwa mraba wa mwendo. Ukipandisha mwendo kwa sehemu moja ya tano, kutoka 1500 hadi 1800, au kutoka 2500 hadi 3000, nguvu haipandi kwa sehemu moja ya tano. Inazidishwa kwa 1.44, karibu mara moja na nusu. Springi lazima iweze hiyo mara 1.44. Lakini, na hapa ndipo pa kutega sikio, hesabu hiyohiyo inaihusu pistoni, inaihusu konrodi, inazihusu bolti za konrodi, inalihusu flaiwili. Springi umeibadilisha. Bolti za konrodi je?

Ugumu mwingine uko chini, kwenye sailensa. Injini inayokomea 2500 ikiwa imetulia kwenye 700, vyuma vya gavana vinasukuma kwa nguvu ambayo ni kama moja ya kumi na tatu tu ya ile ya juu. Springi moja ngumu inayofaa kule juu haisikii kitu huku chini. Ndiyo maana watengenezaji waliweka springi zaidi ya moja: laini ya sailensa, na ngumu za mwendo wa juu. Fundi asiyejua hili akiingiza springi ngumu peke yake, gari inakosa utulivu kwenye taa za barabarani, na mwenye gari anarudi kulalamika kwamba nozeli ni mbovu.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao lazima niuseme, kwa sababu unawagharimu watu pesa nyingi. Pampu ina kikomo cha mwendo, na pampu ina kikomo cha mafuta. Ni vitu viwili. Chukua pampu ya mzunguko ya aina ya VE, aina iliyomo kwenye Land Cruiser za injini ya 1HZ na kwenye Land Rover za Tdi. Ina skrubu karibu na mkono wa eksileta, inayoweka mwendo wa mwisho. Ina nyingine nyuma, inayoweka kiasi cha juu cha mafuta kwa kila pigo. Mtu anasema gari haina nguvu mlimani. Fundi anakaza ile ya nyuma. Gari inapata nguvu kidogo, na inaanza kutoa moshi mweusi. Moshi mweusi ni diseli iliyokosa hewa ya kuungua nayo. Ni pesa yako ya kituo cha mafuta inatoka kwenye bomba la moshi, na joto lililozidi linabaki kwenye pistoni. Hapo gavana haijaguswa kabisa, lakini mtaani wote watasema, "Gari ile imefunguliwa gavana."

Sasa utaniuliza: je, hakuna watu duniani wanaopandisha mwendo wa diseli na injini zao zikabaki salama? Wapo. Nikupeleke Marekani.

Kuanzia 1994 hadi 1998, gari la Dodge Ram lilikuwa linakuja na injini ya Cummins ya lita 5.9, silinda sita, valvu 12, yenye pampu ya mstari ya Bosch iitwayo P7100. Ni injini ya kazi. Kiwandani ilipewa nguvu za farasi kati ya 160 na 215 kutegemea mwaka na giaboksi, na gavana yake huanza kukata mafuta ikipita kidogo 2500. Wamarekani wengi wanaipenda kama sisi tunavyoipenda 1HZ. Na wana mchezo wao: kuvuta sleji ya chuma kwenye udongo, ambayo uzito wake unazidi kukandamiza kadiri unavyoivuta. Katika mchezo ule huna nafasi ya kubadilisha gia. Ukikomea 2500 umekwama. Kwa hiyo wananunua seti za springi za gavana, za kufikisha 3000, nyingine 4000 na zaidi.

Springi zenyewe zinaingia ndani ya vile vyuma vizito viwili, kila upande na nati yake. Lazima nati zote mbili zikazwe sawasawa, zikihesabiwa mlio kwa mlio, ili upande mmoja usielemee mwingine. Ni kazi ya mchana mmoja kwa mwenye mikono mizuri. Lakini sikiliza wanachobadilisha kabla ya kuthubutu kukanyaga.

Cha kwanza ni springi za valvu. Springi ya valvu hurudisha valvu kwenye kiti chake. Mwendo ukizidi, springi dhaifu inachelewa, valvu inaning'inia wazi, na pistoni inapanda. Kwenye diseli nafasi ni finyu mno. Silinda moja ya ile Cummins inameza karibu lita nzima ya hewa, na hewa hiyo inashindiliwa mara 17.5, mpaka inabaki kwenye nafasi ya mililita 60 hivi. Ni kikombe kidogo cha kahawa ya mtaani, na sehemu kubwa ya kikombe hicho imechimbwa kwenye kichwa cha pistoni. Valvu ikichelewa hapo haina pa kujificha.

Cha pili ni wakati wa kupuliza mafuta. Diseli haiwaki papo hapo. Inahitaji muda mdogo kupata moto. Kwenye 2500, katika elfu moja ya sekunde krankshafti inageuka nyuzi 15. Kwenye 4000, katika muda huohuo inageuka nyuzi 24. Usipowahisha kupuliza, mafuta yanawaka pistoni ikiwa tayari inakimbia kushuka. Unapata kelele na joto; nguvu huipati.

Cha tatu ni mwendo wa pistoni yenyewe. Pigo la injini ile ni milimita 120. Kwenye 2500, pistoni inatembea kwa wastani wa mita 10 kila sekunde. Kwenye 4000, mita 16. Na nguvu inayojaribu kuing'oa pale inapogeuza safari yake inakuwa mara 2.56. Kwa hiyo wanabadilisha konrodi na bolti zake, wanaweka klachi na flaiwili za mashindano, na wanafunika klachi kwa kinga ili ikipasuka isimpate dereva miguuni. Injini hizo zinafunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara, na mwenyewe anajua kwamba kila siku ya mashindano inaweza kuwa siku ya maziko ya injini yake.

Umeona, msikilizaji? Kwa wenzetu hawa, springi ya gavana ndiyo ya bei nafuu kwenye orodha yao. Sisi hiyo ndiyo orodha yote.

Ngoma ivumayo haidumu, walisema wahenga, na nadhani waliwahi kukaa karibu na diseli.

Sasa nikupeleke mahali pengine, ili nisionekane nawasema mafundi wote. Kuna fundi pampu mmoja ninayemfahamu, chumba chake ni kisafi kuliko zahanati nyingi. Huingii na matope. Siku niliyomtembelea alikuwa na pampu ya silinda sita imefungwa kwenye testi benchi. Mota ya umeme inaizungusha pampu kwa mwendo anaoutaka yeye, na mbele yake mirija sita ya kioo imepangwa kama glasi za chai kwenye sinia.

"Angalia mirija kaka, usiniangalie mimi," akaniambia.

Akapandisha mwendo. Pampu ya injini ya aina ile huzunguka nusu ya mwendo wa injini, kwa hiyo 1250 kwenye benchi ni 2500 kwenye lori. Mirija ikawa inajaa, yote sita, mafuta yakipanda kwa mstari mmoja kama vile yamepigwa rula. Akaandika. Akapandisha tena, kidogo, kidogo tena. Mara mkondo ukaanza kukonda. Hakuna aliyegusa kitu. Mafuta yakapungua kama bomba linalofungwa na mtu asiye na haraka, mpaka yakawa matone, na matone yakakoma. Benchi bado inazunguka.

"Hiyo ndiyo gavana," akasema. "Ikianza kukata mapema, lori haina mbio. Ikichelewa, mimi na mwenye lori tutaonana polisi."

Halafu akafunga skrubu, akapitisha waya mwembamba, akaibana sili ya risasi. Nikamuuliza ile sili inazuia nini, maana hata koleo ya kawaida inaikata. Akanijibu, "Haizuii kitu. Inanishuhudia." Yaani lori ikirudi na sili imekatwa, anajua mkono wake si wa mwisho.

Nilimuuliza pia wangapi wanaomwendea wakitaka gavana ifunguliwe. Akasema ni wengi, na karibu wote ugonjwa wao si gavana. Mmoja chujio la diseli limeziba. Mwingine nozeli zimechoka, zinatema badala ya kupuliza. Mwingine chujio la hewa limejaa vumbi la barabara ya msimu mzima. Mwingine waya wa eksileta umelegea, akikanyaga mpaka chini mkono wa pampu unafika robo tatu tu. Huyo wa mwisho anatibiwa kwa spana namba 10 na dakika tano.

Sasa nizungumze na wewe mwenye mashine ya kusaga, maana kisa kilianzia kwako. Unataka kinu kizunguke haraka? Soma kwanza kinu kinaruhusu mwendo gani. Kikiruhusu, tazama puli. Injini ikizunguka 1500 ikiwa na puli ya inchi 12, na kinu kina puli ya inchi 6, kinu kinazunguka 3000. Weka puli ya inchi 5 kwenye kinu, kinazunguka 3600, na injini haijaongezewa hata mzunguko mmoja. Lakini kama injini yako tayari inazama mahindi yakiingia, hata puli haitakuokoa. Hapo umepungukiwa nguvu, na nguvu haziko kwenye skrubu. Tafuta injini kubwa zaidi au tengeneza hiyo iliyochoka.

Na wewe mwenye jenereta, usiguse kabisa. Jenereta nyingi za diseli huzunguka 1500 kwa sababu kwenye mwendo huo ndipo umeme unatoka kwa hezi 50, kama ule wa gridi yetu. Ukiipandisha mpaka 1650 unapata hezi 55. Taa zitawaka, utafurahi, lakini mota za friji na pampu za maji zitakimbizwa kupita zilivyoundwa, na ndizo zitakazolipa.

Na wewe mwenye injini ya mtindo wa Lister, ile ya silinda moja yenye magurudumu mawili makubwa ya chuma. Kiwanda cha Dursley, Uingereza, kiliiuza ya nguvu za farasi 6 kwa mizunguko 650, na ya nguvu za farasi 8 kwa 850. Tofauti ya mizunguko 200 inaonekana ndogo. Lakini gurudumu lililotulia kwenye 650, ukilipeleka 850, nguvu ya kulipasua inazidishwa kwa 1.7. Chuma cha kumwaga kikipasuka hakijikunji kwanza ili kukupa onyo.

Kabla sijamaliza, nitenge jambo moja ambalo watu hulichanganya. Kidhibiti mwendo cha mabasi si gavana ya pampu. Kenya, chini ya waziri wa uchukuzi John Michuki, sheria zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 ziliyataka matatu yasizidi kilomita 80 kwa saa. Kifaa kile kinapima mwendo wa gari barabarani. Gavana ya pampu inapima mwendo wa injini. Basi linaweza kukimbia kuua watu huku injini imetulia kwenye gia ya juu, na lori linaweza kupanda mlima kwa mwendo wa mzee mwenye mkongojo huku injini imefika ukomo wake. Kimoja kinamlinda abiria, kingine kinailinda injini. Anayekuambia atafungua vyote viwili kwa bei moja, mkimbie.

Na neno la usalama. Siku diseli ikipanda yenyewe na kukataa kuzimika hata ukikata mafuta, ujue pengine inaunguza oili yake, inayovuja kutoka kwenye tabo au inayovutwa kutoka kwenye chujio la hewa la oili lililojazwa kupita kiasi. Kukata diseli hakutasaidia. Kinachoizima ni kukosa hewa: ziba mdomo wa kuvutia hewa kwa ubao au kipande cha bati kinachofunika vizuri. Usizibe kwa mkono, wala kwa kitambaa chepesi kinachoweza kumezwa. Na kama huwezi kuufikia mdomo huo bila kusimama mbele ya mkanda au flaiwili, iache ife. Injini inanunulika.

Yule mzee wa karibu na Makambako alinunua nyingine, iliyotumika. Nilipopita tena kwake nilimkuta amekaa mlangoni, mkanda mpya, sauti ya mashine imetulia. Foleni ilikuwa ndefu kama zamani. Jambo la kwanza nililotazama ni ubavu wa injini. Kibati kilikuwa kinang'aa; alikuwa akikipangusa kwa kitambaa kila asubuhi, na chini yake ukutani ameandika namba ileile kwa chaki, kubwa, ili kila fundi anayeingia na spana aione kabla hajainama.

Basi msikilizaji, nyumbani kwako, gereji kwako, mashineni kwako, kuna kibati kama hicho. Kimefunikwa na grisi au rangi. Leo jioni chukua kitambaa na mafuta ya taa kidogo, kipanguse, uisome namba iliyo mwisho. Halafu ndipo uamue kama una haja ya kumwita fundi.